Ikifungwa, Isilale

Jua lilikuwa linazama, na Muganyizi alitaka kitu kimoja tu: aitoe laptop yake ofisini Mkuyuni na kuifikisha nyumbani Ilemela bila kulala. Laptop ndiyo isilale. Yeye mwenyewe usingizi alishausahau.

Ilikuwa imemtesa wiki nzima. Muganyizi ni mpima ardhi, na mashine hiyo ilikuwa inaunganisha picha za viwanja vya Kigongo ziwe ramani moja, kazi ya kuchemsha maharage kwa mshumaa. Ukiiacha wazi, inaendelea. Ukishusha kifuniko tu, inalala fofofo, na ikiamka inaanza upya kana kwamba haijawahi kukuona. Jana ilianza upya. Juzi ilianza upya. Mteja anapiga simu, bosi kanuna, umeme unarudi ili upate kukatika tena. Mchana wa siku hiyo, akiwa amechoka kutukana kimoyomoyo, aliingia kwenye mipangilio akakuta mahali panapouliza: kifuniko kikifungwa, nifanye nini? Akachagua: usifanye chochote.

Akaifunga kuijaribu. Feni ikaendelea kuunguruma humo ndani. Akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Maana mama yake alikuwa amefariki. Ma Kokulinda, kwao Kagera, alikata roho siku ileile mjukuu wake alipozaliwa Mwanza. Sabina, mke wa Muganyizi, alijifungua kwa upasuaji. Hata kuinama alikuwa hawezi, na hakukuwa na mtu wa kumwachia usiku. Kwa hiyo Muganyizi, mtoto wa kwanza, hakwenda kumzika mama yake. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Tena si kuzika tu. Kwenye ukoo wao, marehemu hafungwi na yeyote yule. Mtoto wa kwanza ndiye anayempitishia kiganja usoni, akamtaja jina, akamwambia "Lala sasa," ndipo jeneza linafunikwa. Bila hivyo, wanasema, aliyekufa anabaki macho.

Shangazi Felicitas ndiye aliyetafuta njia. "Baba yako mdogo Yakobo atashika simu juu ya uso wake," alimwambia. "Wewe tutakuona kwenye video. Utaweka kiganja kwenye kioo, utasema maneno, halafu utafunga hiyo kompyuta yako. Ukifunga wewe, na sisi tunafunika."

Ndivyo ilivyofanyika alasiri hiyo. Muganyizi aliuona uso wa mama yake, mdogo, umekazwa kwa kitambaa. Akaweka kiganja kwenye skrini.

"Kokulinda, lala sasa."

Akashusha kifuniko. Alilia kidogo, akanawa uso, akaitia laptop kwenye begi. Kichwani mwake alishamaliza. Kwamba kifuniko kile hakikufunga kitu chochote, hakuliwaza hata kidogo.

Nje alipata bodaboda, kijana anaitwa Shigela, mtu wa maneno mengi. Safari hii hakusema neno mpaka walipoanza kupanda mlima wa Ilemela, pikipiki ikilia kwa kukabwa.

"Bosi, hatukukubaliana mshikaki."

"Mshikaki gani?"

"Wa tatu huyo. Pikipiki imekuwa nzito. Ungesema mapema kwamba uko na bibi."

Muganyizi hakugeuka. Begi lilikuwa mgongoni, na laptop ndani yake ilikuwa ya moto, inapitisha joto kwenye shati. Feni, alijiambia. Ni feni.

"Mwambie basi atoe mkono shingoni mwangu," Shigela alisema, sauti imeshuka. "Una baridi..."

Kisha Muganyizi akaisikia harufu. Kahawa ya kutafuna, ile iliyokaushwa na viungo, aliyokuwa akiifunga mama yake kwenye pindo la kitenge. Pikipiki ilisimama kwenye kona ya chini kabisa ya mtaa wake, na Shigela aliondoka bila hata kudai nauli.

Alipanda miamba kwa miguu, amekasirika. Alimkasirikia Shigela, akaikasirikia laptop, akajikasirikia mwenyewe kwa kuogopa. Mlangoni Sabina alimpokea akiwa ameshika tumbo.

"Mtoto halali," alisema. Hakumsalimia.

"Watoto wote hawalali."

"Muga, sikiliza basi. Hajafumba macho tangu alasiri. Halii, hanyonyi. Anaangalia tu. Nimemfunika, nimemwimbia, nimechoka."

Mtoto alikuwa kitandani. Asubuhi ile walikuwa wamempa jina, Kokulinda, la bibi yake. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, yametulia kama ya mtu mzima. Muganyizi alisogea kushoto, macho yakamfuata. Akavua begi, akaliweka kwenye kiti.

Macho yakabaki kwenye begi.

Akaitoa laptop. Ilikuwa imefungwa vizuri, na kwenye ufa wa kifuniko mwanga mwembamba ulikuwa unatoka. Akaifungua. Ramani ilikuwa inaendelea. Na juu ya ramani, video ya mazishi ilikuwa haijakatika. Upande wa pili palikuwa na giza tupu, na ndani ya giza hilo mtu alikuwa anapumua.

Polepole. Kwa shida. Kama mtu aliyelala chali chini ya kitu kizito.

Sabina alirudi nyuma mpaka ukutani. Muganyizi alinyakua simu yake, akampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi. Baba mdogo aliweka wapi ile simu?"

"Marahaba. Hata sisi tunaitafuta," Felicitas alinong'ona, nyuma yake waombolezaji walikuwa wanaimba. "Nadhani iliteleza, ikafunikwa humo jenezani. Mungu atusamehe. Kwa nini?"

Muganyizi nusura acheke. Basi ni simu. Simu imezikwa ikiwa hewani, udongo unatulia, mbao zinalia, naye anaogopa kama mjinga. Lakini shangazi alimwambia angoje. Kukawa na kelele, mtu anaongea Kihaya, kisha shangazi akarudi.

"Waitu, jamani, imepatikana. Ilikuwa kwenye koti la Yakobo. Tena imezima, anasema chaji iliisha hata kabla hatujafika kaburini."

Kwenye laptop, kupumua kuliendelea.

"Shangazi," Muganyizi alisema, "nilipofunga, mashine haikuzima. Nilikuwa nimeiambia isilale."



"Basi hukumfunga," Felicitas alisema. "Mfunge sasa. Izime kabisa, useme maneno yake. Na mtoto msimpe jina la bibi yake kwanza, mwenyewe hajalala bado."

"Tulishampa. Asubuhi."

Alisikia shangazi akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika, mtandao ukawa mtandao wa kawaida wa jioni, yaani hakuna. Muganyizi aliipiga tena na tena, akailaani, akaitupa kitandani.

Akarudi kwenye mipangilio. Kifuniko kikifungwa: lala. Akabonyeza. Ikarudi yenyewe: usifanye chochote. Akabonyeza tena. Ikarudi tena. "Wewe shetani wa chuma," aliiambia. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima, akakikandamiza, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kokulinda, lala sasa."

Skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza. Harufu ya kahawa ikakatika hapo hapo.

Kitandani, mtoto alifumba macho.

Sabina aliteleza ukutani akakaa chini, akilia kwa ahueni. "Amelala. Asante Yesu, amelala." Alijikokota mpaka kitandani, akamgusa shavu. Mkono wake ukabaki palepale.

"Muga."

"Mwache alale."

"Muga, hapumui."

Alimwinua mtoto. Shingo ilikuwa imelegea na midomo imeanza kugeuka rangi. Sabina alimpuliza, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina. Kokulinda. Kokulinda. Ndipo Muganyizi alipoelewa ni akina nani wenye jina hilo, na kwamba alikuwa amewafunga wote wawili.

Akairukia laptop. Akabonyeza kitufe. Alama ya mtengenezaji ikaja, duara likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka, na hakuna binadamu aliyewahi kuchukia duara kama Muganyizi alivyolichukia lile. "Amka," alisema. "Amka, nakuomba, amka."

Feni ikaguna, na lile giza likarudi kwenye skrini.

Mtoto akavuta hewa kwa mlio mkali, na macho yakafunguka.

Sasa mtoto ana meno mawili. Ananyonya, anakua, anacheka hata, ila hajafumba macho tena, na kliniki wanamwandikia dawa za matone na kutikisa vichwa. Walijaribu kumbadilishia jina. Kwa jina jipya hageuki. Muganyizi alikwenda Kagera akaweka kiganja kwenye kaburi, akasema maneno mpaka sauti ikamkauka, akarudi akakuta mambo ni yaleyale. Ramani ya Kigongo iliisha zamani, mteja akaisifu. Laptop haijazimwa. Amenunua betri la gari, amenunua sola, na umeme ukikatika hukimbia nayo kifuani, waya unaburuzika, majirani wanamwita bwana wa wake wawili. Huwa anaifunga kifuniko kwa sababu Sabina hawezi kuliangalia lile giza. Inakesha hivyohivyo, imefungwa, juu ya kabati.

Jioni ya leo umeme umekatika tena. Sola haikupata jua kutwa, betri la gari linatoa mlio mwembamba, na kile kitaa cha pembeni mwa laptop kimeanza kuwaka chekundu. Muganyizi amepiga magoti akihangaika na waya, anautukana, anauomba. Mtoto anamtazama.

Na kutoka chini ya kifuniko, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka sana, kwa upole, kama alivyokuwa akimwita kula:

"Muganyizi, mwanangu. Nifunge."