Beseni Lililorudi Nyumbani

Kila Ijumaa Amuri, mvuvi, alitoa beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kuwa sadaka ya msikiti wa mtaani kwao, Minago. Mkewe, Kulthumu, ndiye aliyelipeleka, na alilipeleka kwa kujivuna kidogo. Nani asiyependa kusifiwa?

Ijumaa moja Shehe Jamali alichota ndagala kiganjani. Walikuwa wadogo kama punje za mchele.

"Mama Nour, hawa wamevuliwa na nini?"

Kulthumu aliinamisha macho. "Na chandarua, Shehe."

"Sadaka inatoka katika mali yako. Hawa ni mali ya watoto wenu, bado hawajakua. Siwapokei."

Kulthumu alirudi na beseni kichwani, mbele ya majirani wote. Aliona aibu hadi masikio yakamchoma.

Amuri aliwaka. "Samaki iko riziki ya Mungu. Serikali inakataza chandarua, sasa na shehe pia?"

Jirani yao Anastasie, wa kamati ya wavuvi, alikuwa uani akianika mihogo.

"Baba Nour, hata padiri wetu alisema vile vile Jumapili. Ukimwacha ndagala akue, anataga mayai. Ukichukua mutoto, umekula wa leo na wa mwaka kesho."

"Ofisi ya komini imebandika karatasi ya marufuku miaka mingi. Nani aliisoma?"

"Ndiyo maana shehe na padiri walienda komini pamoja. Wamekubaliana. Mwenye kurudisha chandarua hatatozwa faini, na atapewa nafasi katika mtumbwi wenye wavu wa halali."

Kulthumu naye alikuwa na la kwake, alilolificha muda mrefu.

"Mimi ndiye ninayewaanika. Hawa wadogo wanakuwa unga juani, nusu inapeperuka. Nilijua, nikanyamaza. Beseni hilo sitalibeba tena."

Jumatatu Amuri alipeleka chandarua komini. Kisha ziwa likafungwa miezi mitatu, samaki wapate kuzaana. Walikula mihogo na maharage, na Amuri alinung'unika kila siku. Tusimsingizie utakatifu. Lakini ziwani hakuingia.

Ziwa lilipofunguliwa, mtumbwi alimopewa nafasi Amuri ulirudi umejaa. Ijumaa Kulthumu alipeleka beseni msikitini. Shehe alichukua ndagala mmoja, akamlaza juu ya kidole chake. Samaki alikifunika chote.

"Mwambie Baba Nour, Mungu amupokelee."

"Murakoze, Shehe," Kulthumu alishukuru.

Kulthumu alirudi na beseni tupu. Alipita njia ile ile, mbele ya majirani wale wale, na safari hii alitembea polepole.