Shukrani Zilizofutwa

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha dirisha. Ya pili ikatoboa kabati la vitabu.

"Usiinuke, shemeji! Chapa hukohuko chini!"

Nyuki, jasusi wa Idara, alibana mgongo ukutani, bastola ya Glock mkononi. Chini ya meza, mjane wa kaka yake, mtafiti wa dawa, alikumbatia kompyuta yake ya Lenovo. Makala yake ilithibitisha kwamba dawa za homa za genge la magendo zilikuwa chaki tupu. Jarida la sayansi lingefunga kupokea makala saa sita mchana. Akichelewa, dawa zingepata kibali na watoto wangezidi kufa.

"Tovuti yao imeikataa tena! Eti ikisiri imezidi maneno, na mistari haina namba. Jarida gani hili lina masharti kama mganga?"

"Punguza. Weka namba. Haraka!"

Redio ikakoroma sikioni. Mkuu wa Idara.

"Nyuki, wanne wanapanda ngazi. Halafu, karani wa jarida kanunuliwa. Sayansi hajui, anatafuta jina la ukoo wenu tu. Akilikuta ndani ya makala, anaitupa."

"Mkamateni!"

"Yuko ng'ambo. Ukurasa wa majina anaufungua mhariri mwenyewe. Makala iwe safi."

"Shemeji, majina umefuta?"

"Yote. Mpaka kwenye marejeo." Akafungua ukurasa wa mwisho. "Imebaki sehemu ya Shukrani."

Nyuki alielewa. Kaka yake ndiye aliyekusanya sampuli za dawa hizo, genge likamuua. Maiti haikuonekana mpaka leo.

"Futa."

"Hana kaburi, shemeji! Mstari huu ndio kaburi lake!"

"Ikikubaliwa utamrudisha."

"Na isipokubaliwa?"

Nyuki alielekeza bastola mlangoni. Roho ilimuuma. Kaka huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha.

"Futa, dada yangu. Nakusihi."

Mlango ukavunjwa.

Nyuki alifyatua mara mbili. Wawili wakaanguka. Waliobaki wakageuka mbio, wakaangukia mikononi mwa vijana wa Mkuu pale chini.

Kompyuta ikatoa mlio.

"Nimemfuta. Imepokelewa," mjane alisema. Kisha akaangua kilio, na safari hii hakujizuia.

Nyuki alimfunika koti lake mabegani. Akachomeka bastola, akakung'uta vipande vya kioo, akashuka ngazi taratibu.

"Kazi safi," Mkuu alisema redioni. "Kwenye ripoti niandike nani kaimaliza?"

"Mwandike kaka."

Akazima redio, akaingia mtaani.