Lengalenga ya Chupani

Nyumba ya Sidonie pale Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi, haikukauka watu. Aliyekwenda kuteka maji alipita kwanza kuchota habari.

Msimu wa nyanya, jirani yake Constance, aliyejifunza mjini Mbarara kuhifadhi vyakula, alimwonyesha kazi. Nyanya zilipondwa na kuchemshwa, zikamiminwa katika chupa safi za kioo. Kila chupa ya lita ikatiwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu ya dukani. Ikafungwa kwa kifuniko kipya. Kisha chupa zenyewe zikachemshwa saa nzima, maji yamezifunika.

Constance alipokwenda zake, Sidonie akatazama lengalenga, yaani mchicha, iliyojaa bustanini. Akajiambia, mboga ni mboga. Akaitia chupani kwa njia ileile.

Kiangazi kikaingia, bustani zikawa vumbi. Siku moja waimbaji wa kanisa walifika kwake kutoka kambi ya Oruchinga. Majirani waliposikia kwamba kwa Sidonie kutaliwa lengalenga, walinong'onezana hadi barabarani, na yeye akatembea kama bibi harusi.

Constance alikuja kusonga ugali. Akaziona chupa za lengalenga, akamgeukia Sidonie.

"Mama Junior, hii uliihifadhi namna gani?"

"Kama nyanya. Si ni wewe ulitufundisha?"

Constance akaweka mwiko chini. "Usiifungue. Hata kuonja, hapana."

"Ama unasikia wivu juu batu banasifu mboga yangu?"

Constance hakucheka. Alisema nyanya iliyotiwa ndimu ina uchachu wa kutosha, nao huzuia vijidudu vibaya. Lengalenga na maharage havina uchachu huo. Mbegu za vijidudu hivyo hazifi kwa maji ya kuchemka tu. Zikifungiwa mahali pasipo hewa, huamka na kutoa sumu.

"Lakini vifuniko havijavimba," Sidonie akasema.

"Sumu yake inaweza kukosa harufu na ladha. Mutu anakula vizuri, kisha anashindwa kupumua."

Sidonie akachungulia uani. Wageni walikuwa wameshanawa mikono. Kumwaga chakula, katika kambi ambako watu hupanga foleni ya posho? Na kesho midomo ya Kashojwa itasema nini?

Sidonie akachukua jembe. Wakazifukia chupa bila kuzifungua, ndani kabisa, mahali ambapo watoto na kuku wasingefika.

Sidonie akatoka mwenyewe mbele ya wageni, kabla umbea haujamtangulia. Akawaeleza yote: ameharibu mboga, wale ugali kwa nyanya.

Kisha mama Nyirabizimana, kiongozi wa waimbaji, akasukuma sahani yake.

"Habari ya chupa zenu ilifika kwetu," akasema polepole. "Mimi nilitia maharage chupani. Chupa ziko nyumbani, na wajukuu wako pale."

Hakuna aliyemcheka. Walimtafutia pikipiki, na Constance akapanda naye. Wajukuu walikutwa wazima, wakingoja bibi arudi apike maharage yale; chupa zikafukiwa bila kufunguliwa.

Msimu uliofuata akina mama hawakutia lengalenga chupani. Waliichovya kidogo katika maji ya moto, wakaianika kivulini juu ya mkeka safi, wakaifunika kwa kitambaa chepesi mpaka ikakauka na kuvunjika mkononi. Maharage waliyakausha pia. Chupa zikabaki za nyanya na ndimu yake. Na kila mgeni aliyeonjeshwa mboga kwa Sidonie alielezwa habari nzima, mwanzo mpaka mwisho, ndipo akaruhusiwa kwenda kuisimulia.