Lundo la Njia ya Singe

Jumapili ile Babati ilikuwa imetulia. Ofisi zimefungwa, majirani zangu Wakristo wako kanisani, nami nimekaa mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi pale Nakwa, nakunywa chai ya tangawizi. Jirani yangu Kornel akaja na sururu begani.

"Shikamoo, Baba Feisal."

"Marahaba. Leo sururu ndiyo Biblia yako?"

"Nalijaza lile shimo. Nimechoka kusubiri."

Shimo lenyewe lilikuwa hatua hamsini tu kutoka dukani, katikati ya barabara ya kwenda mjini. Mwaka juzi mkewe, Scholastica, alishikwa na uchungu, bajaji ikanasa humo, na mtoto hakufika hospitali akiwa hai. Sasa Scholastica alikuwa na mimba nyingine ya miezi minane. Kornel alikwishakwenda kulalamika ofisi ya barabara mara sita. Mara ya sita akaonywa kwamba barabara ni ya serikali, raia haigusi bila kibali. Ndiyo maana akachagua Jumapili.

Mwanamume wa miaka thelathini na tano, na hakuna wa kumwita Baba fulani. Iliniuma, nasema kweli. Nikampa toroli langu na nusu mfuko wa saruji. Na kwa mdomo wangu huu, ambao mke wangu husema utaniponza, nikampa na ushauri.

"Mawe ya kununua ya nini? Pale njia ya Singe kuna lundo. Halina mwenyewe."

Wazee wangu ni wa Kondoa. Hapa Babati nina miaka ishirini, na miaka yote hiyo nimewaona akina mama wakipita pale, wakiokota jiwe na kulitupa kwenye lundo huku wakinong'ona. Nilidhani wanasafisha mashamba. Kornel naye ni mtoto wa mjini, hakujua zaidi yangu.

Tulisomba toroli kumi na nane. La mwisho lilikuwa na mawe machache, lakini lilitushinda kusukuma mpaka tukashika wawili. Chini ya lundo ardhi ilikuwa laini tena ina joto, kama godoro ambalo mtu ameamka sasa hivi. Nililiona hilo. Sikusema.

Tulikuwa tunashindilia alipopita Dorika, muuza mboga. Akatua kapu lake.

"Baba Feisal, hayo mawe mmeyatoa wapi?"

"Singe. Kwani mawe nayo yana hati?"

Dorika hucheka kwa kila kitu. Siku hiyo hakucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba pale kwenye lundo kuna kitu kinachotaka wapita njia. Ukipita unakipa jiwe, unasema, "Hili langu, mimi nipite." Jiwe linabaki mahali pako, wewe unaenda zako.

"Kila jiwe hapo ni mtu," alinong'ona. "Yarudisheni."

Kornel akafuta jasho. "Mke wangu akishajifungua, nitayarudisha yote. Naapa."

Jumatatu asubuhi shimo lilikuwa wazi. Halikubomoka. Lilikuwa limekombwa, safi, kingo zake laini kama za chungu. Mvua ilinyesha usiku kucha, lakini ndani hamkuwa na tone la maji. Kornel aliwatukana watu wa ofisini, akidhani ni wao. Mimi nilikwenda Singe kuhakikisha. Lundo lilikuwa limesimama palepale, kimo kilekile, na mawe ya juu yalikuwa na saruji yetu. Nilirudi mbio, na umri wangu huu.

Nilimweleza Dorika. Nilitegemea afurahi.

"Mawe yamerudi," alisema. "Mwenyewe mlimleta huku, hajarudi."

Kornel sikumwambia. Niliona haya. Naye kila siku alikuwa analeta kifusi kwa toroli, na kila asubuhi shimo tupu.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua linawaka, Scholastica akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Rama wa bajaji alikuja haraka. Alijaribu kupita pembeni. Gurudumu likateleza, bajaji ikaingia shimoni.

Nilitoka dukani mbio. Kornel alikuwa ameshashuka humo, toroli la kifusi kaliacha ukingoni, mabega yake chini ya bajaji. Mimi na Rama tukavuta mbele. Wapi. Scholastica akapiga kelele ndani ya bajaji.

Kornel akanitazama.

"Baba Feisal," alisema taratibu, "kuna anayenishika miguu."

Niliinama. Shimo lile halikuwa likifika magotini. Sasa lilimfika kiunoni.

"Sema maneno ya Dorika," nikamnong'oneza. "Sema!"

Akatazama mikono yake. Yote miwili imebeba bajaji.

"Nipe jiwe."

Nikatafuta. Huku. Kule. Barabara nzima ya Nakwa, ambako kila siku tunajikwaa, haikuwa na jiwe. Hata kokoto.

Kornel akafumba macho.

"Mimi hapa," alisema. "Yeye apite."

Bajaji ikatoka. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiivuta. Rama akarukia kiti chake, akaondoka kwa kasi, hakutazama nyuma. Nilipogeuka, barabara ilikuwa sawa. Ngumu. Kavu. Kornel hayupo. Toroli halipo.

Tulichimba watu kumi mpaka ncha za sururu zikapinda. Polisi waliandika kwamba amepotea. Wiki iliyofuata akaja bwana mmoja wa ofisi ya barabara na futi ya kupimia, akauliza nani amejaza shimo bila kibali.

"Kornel."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha chini. Alicheka kidogo, kisha akahisi joto kwenye nyayo zake, akafunga daftari na kuondoka.

Mtoto ni mzima, wa kike, anaitwa Elieshi. Sasa mtaa mzima unamwita jirani yangu Baba Elieshi, naye hayupo wa kuitika. Scholastica akipita pale na mtoto mgongoni huweka jiwe kando ya barabara. Wengine wakamfuata, na sasa kuna lundo jingine, dogo.

Nami huweka. Kila jioni nikifunga duka naweka langu, nasema, "Hili langu, mimi nipite." Kila asubuhi nalikuta mlangoni pa duka, limerudishwa. Nililipaka rangi nyekundu nipate uhakika. Lilirudi lilelile. Dorika siku hizi hanitazami usoni, na najua kwa nini. Ni mimi niliyesema lundo halina mwenyewe.

Leo asubuhi mlangoni hapakuwa na jiwe. Palikuwa na toroli langu, tupu, mikono yake imenielekea. Nimeugusa mkono mmoja. Una joto, kana kwamba kuna mtu ameuachia sasa hivi.