Bunduki Haibadilishwi na Ng'ombe

Kule Muheto siku huanza na kwato. Kabla ukungu haujaondoka vilimani, ng'ombe wameshaanza kukanyaga matope ya zizi, viwele vimejaa, na kila mmoja anamwita mwenye kumkamua.

Asubuhi moja Kayitesi alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa Gaju, ng'ombe wake wa rangi ya kahawia. Mtoto wake wa mwisho alilala mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Maziwa yalipiga ndani ya ndoo, shwaa, shwaa. Gaju ndiye alikuwa shamba lao na duka lao. Watoto walikunywa kwanza. Yaliyobaki yaliingia katika bidoni, yaani dumu, yakashuka barabarani, yakarudi nyumbani kama chumvi, sabuni na ada ya shule.

Mumewe Rukara aliegemea nguzo ya zizi. Tangu wezi wenye bunduki wachukue mitamba yao miwili kwenye malisho ya juu, hakuwa akila vizuri wala kucheka.

"Mama Tuyisenge," alisema, "usimuzoeshe sana mukono wako. Siku ya Yenga, bantu wakitoka kanisani, anahama."

Mkono wa Kayitesi ulisimama. "Anahama kwenda wapi?"

"Kwa jirani yetu Sebarenzi. Yeye ananipa bunduki ya marehemu baba yake, ile ya kuwindia. Miye namupa Gaju. Tumesha sikilizana."

"Na hiyo bunduki tutakuwa tunaikamua?"

"Usinichekeshe. Wezi walikuja na bunduki, miye nikawangojea na fimbo. Nitawangojea na fimbo mpaka wamalize zizi?"

"Na ruhusa ya Leta, ya serikali?"

"Iko. Permis ya marehemu iko mu sanduku, na kashe, muhuri ya ofisi, juu yake. Ng'ombe inakuja na ukoo wake, bunduki nayo inakuja na karatasi yake. Tutakunywa kasiksi mbele ya bantu, neno litaisha."

Hapo ndipo kosa la Rukara lilipokuwa, na si lake peke yake. Katika vilima vile ng'ombe huhama kwa neno tu. Anayetoa humgusa mgongoni kwa fimbo, akataja jina la mama yake na la bibi yake. Anayepokea huitikia. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, huzunguka. Mashahidi hurudi kwao, na hakuna anayegeuza neno. Watu walioishi hivyo tangu mababu walidhani kila kitu cha mwanaume kinaweza kuhama hivyo hivyo.

Kayitesi hakubishana. Alimaliza kukamua, maana maziwa hayangojei ugomvi. Lakini moyo wake ulikuwa umeshakataa.

Aliposhuka na bidoni, alimkuta Noëlla kando ya barabara, ametandaza maharagwe yake juu ya gunia. Noëlla alikuwa mkulima wa kilima cha pili. Alikuwa pia parajuriste wa parokia, yaani mtu aliyefundishwa sheria ili awasaidie majirani.

"Dada, leo maziwa yako imechacha ao ni sura yako?" Noëlla aliuliza.

Kayitesi akaketi, akamweleza yote. Noëlla aliacha kuchambua maharagwe.

"Hiyo permis iko na jina ya nani?"

"Ya marehemu."

"Basi ilikufa pamoja naye. Sikiliza, mama. Ng'ombe inapitisha ukoo, lakini permis haipitishe kitu. Ni ya muntu mumoja. Mwenyewe akifariki, familia inapaswa kwenda kuitangaza bunduki kwa wakubwa wa Leta. Haiwezi kuificha, haiwezi kuiuza."

"Yeye hauzi. Wanabadilishana."

"Kuuza, kubadilisha, kutoa zawadi, kwa sheria ni njia moja. Ruhusa kwanza, bunduki nyuma. Na anayepokea lazima apate permis kwa jina yake mwenyewe kabla hajaigusa. Akiigusa bila ruhusa, jela inawafungukia wote wawili, aliyetoa na aliyepokea."

Kayitesi alimpigapiga mtoto mgongoni ingawa hakuwa akilia. "Na kama ni bunduki kubwa, ile ya askari?"

"Ya vita? Raia hapana. Hata ukileta ng'ombe mia, hapana."

"Kuko muntu wa Kashebere, Jean-Bosco. Rukara anasema atafanya mutation, kubadilisha jina ku karatasi, kama ya pikipiki. Anataka feza yake mu mukono siku ile ile."

Noëlla alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ada ya Leta hailipwe mu mukono ya muntu juu ya pikipiki. Ofisi inakuandikia karatasi ya kulipa. Unalipa ku benki, mu hesabu ya Leta, wanakupa preuve, karatasi ya kuonyesha umelipa. Na usiniulize bei, juu inabadilika. Ofisini njo watakuonyesha bei iliyoandikwa. Tena kulipa si kupewa. Wanaweza kukukatalia ile permis."

"Siku ya Yenga utakuja?"

"Nitakuja. Lakini ni zizi yako, dada. Weye njo utaanza kusema."

Siku ya Yenga, watu walipotoka kanisani, walikusanyika kwa Rukara. Mtungi wa kasiksi ulikuwa katikati. Sebarenzi alifika na kitu kirefu kilichoviringishwa katika blanketi. Alikiweka chini ya ukuta, akaketi mbali nacho kidogo. Jean-Bosco alikuja na koti zuri na miwani myeusi ingawa jua halikuwepo.

Rukara alichukua fimbo yake, akaenda zizini kumtoa Gaju. Mlangoni alimkuta mkewe. Kayitesi alikuwa ameshaingiza miti yote mitatu ya mlango, naye amesimama mbele yake, mtoto mgongoni.

"Toka pale, mama," Rukara alisema kwa sauti ya chini. "Bantu wanaangalia."

"Waangalie. Ng'ombe haitoke."

Minong'ono ilipita. Mzee mmoja alikohoa. "Rukara, kwako nani anachunga, weye ao mama?"

"Tunachunga wawili, papa," Kayitesi alijibu. "Njo maana ningali na ng'ombe ya kuchunga. Yule papa wa miwani, nina swali kwake. Ukipokea ile feza, utatupa preuve ya benki?"

Jean-Bosco alitabasamu. "Mama, haya ni mambo ya administration. Ni marefu kwako."

"Basi nifupishie."

Watu walicheka. Jean-Bosco aliinua miwani. "Miye nitawapa karatasi yangu mwenyewe, na kashe."

"Kashe ya ofisi gani?"

Jean-Bosco alishusha miwani yake tena. Noëlla alitoka kati ya watu, akaeleza taratibu kama alivyoeleza barabarani: permis ni ya mtu mmoja, ruhusa hutangulia, ada huenda kwa Leta na preuve hurudi kwako. "Jean-Bosco, kama nimedanganya, twende wote ofisini kesho," alimaliza. Jean-Bosco alisema ana watu wanaomngojea Kashebere. Pikipiki yake ilikataa kuwaka, akaisukuma mpaka mteremko ukamsaidia, na watu wakamtazama njia nzima.

Lakini Rukara alikuwa bado ameshika fimbo. Aibu ilimchoma kuliko hasara. "Sheria, sheria," alisema. "Sheria ilikuwa wapi walipochukua mitamba yangu? Mwizi hakuuliza permis."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Kayitesi alisogea, lakini mlango hakuuacha.

"Baba Tuyisenge, hasira yako ni yangu pia. Nililia ile mitamba. Lakini bunduki ikilala kwetu, nani atajua? Wezi watajua, waje kuitafuta. Askari watajua, waseme weye ni muntu wa pori, muasi. Pande zote mbili zitakuja, na katikati ni watoto. Hawa wezi walisha kuchukua mitamba. Siwape na bwana yangu."

Kisha akageuka. "Papa Sebarenzi, kasiksi ingali mu mutungi, hatujakunywa. Utuambie ukweli. Kwa nini unataka kutoa bunduki ya baba yako kwa ng'ombe mumoja?"

Sebarenzi aliangalia viatu vyake. "Walikuja kuiuliza," alisema. "Wale wa pori. Niliwajibu haiko. Wakasema watarudia. Tangu siku ile, miye na mama ya watoto tunalala mu migomba."

Fimbo ilishuka mkononi mwa Rukara. "Na weye ulitaka warudie kwangu?"

"Nisamehe, kaka. Woga ulinikamata. Nilifikiri weye uko na nguvu kuliko miye."

Rukara alisimama, akapumua kama mtu aliyepanda mlima. Halafu akaja mlangoni. Kayitesi alikaza miguu. Lakini mumewe hakugusa ile miti. Aligeuka, akasimama kando yake, uso kwa watu.

"Gaju hahami," alisema. "Na ile bunduki hailale hapa."

Sebarenzi alitaka kuibeba aipeleke ofisini saa ile ile. Noëlla alimzuia. "Usitembee nayo mu barabara. Ukikutwa nayo, nani atasikia maelezo yako? Tutaenda kwanza mikono mitupu, tutangaze. Wao njo watakuja kuichukua, chefu akiwa hapa, na bantu wakiona. Mpaka wakati huo hakuna muntu ataigusa."

Wakaenda saa ile ile kwa chefu, mkuu wa kijiji, kisha ofisini: Sebarenzi, Rukara, na Noëlla. Ofisa wa zamu aliwafokea kwanza, akataka kujua kwa nini walichelewa tangu marehemu azikwe. Sebarenzi alikubali kosa. Noëlla alisema mtu anayekuja mwenyewe si sawa na mtu anayekamatwa. Mwishowe maelezo yao yaliandikwa. Bunduki ilikuja kuchukuliwa mchana ule ule, mbele ya macho ya kila mtu, na Sebarenzi akapewa karatasi yenye sahihi ya kuonyesha kwamba ameitoa. Chefu akatangaza habari hiyo kanisani na sokoni, kwa makusudi, ili ifike mpaka porini.

Sebarenzi na mkewe walirudi kulala nyumbani. Hakuna aliyekuja tena kuuliza kitu kisichokuwepo.

Ng'ombe je? Kayitesi hakupenda kungoja na fimbo moja. Alizunguka nyumba kwa nyumba na bidoni yake, akiuza maziwa na kusema na akina mama. Wafugaji wakakubali kupeleka ng'ombe wote malishoni pamoja, kwa zamu. Wakulima wa maharagwe wa kilima cha pili wakaingia nao, kwa sababu wezi walikuwa wakivuna mashamba yao pia. Kila mchungaji alipewa filimbi. Ng'ombe wakatiwa alama, ili aliyeibwa asiuzwe sokoni kimya kimya.

Siku moja ya mvua watu watatu walionekana wakikaribia malisho ya juu, miili imeinama. Filimbi moja ililia. Ya pili ikajibu kutoka kilima kingine, kisha ya tatu chini bondeni. Kayitesi alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alisimama, akaona mlima mzima umesimama naye: wachungaji na fimbo, wakulima na majembe, kina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyekimbilia watu wale, kama Noëlla alivyowaonya. Walisimama tu, waonekane, huku ng'ombe wakishushwa. Wale watatu walitazama, wakarudi msituni. Hakuna hata ndama aliyepotea.

Habari ilishuka mpaka barabarani. Rukara alipokwenda kununua chumvi, mlevi mmoja alimpigia kelele mbele ya wenzake.

"Rukara, ni kweli mama alikufungia zizi yako mwenyewe?"

Wanaume wakageuka kumwangalia. Rukara alipokea chumvi yake, akaiweka mfukoni polepole.

"Alifunga," alisema. "Njo maana leo asubuhi nilikunywa maziwa kwangu."