Sarafu ya Mpiga Upinde

Daktari mmoja wa meno, rafiki yangu wa siku nyingi, alikwenda kwa muuza sarafu kuchagua drakma ya Waparthi, sarafu ya fedha ya wafalme wa kale wa Uajemi, ya mwisho iliyopungua katika mkusanyo alioachiwa na marehemu kaka yake. Alikwenda na wasiwasi, maana muuzaji yule alisifika kwa wepesi wa mikono: unachagua fedha halisi, unafika nyumbani na bati.

Alizigonga sarafu mezani mojamoja akisikiliza mlio.

"Gonga tu, daktari. Hayo si meno, hayaumi."

Akaipenda moja yenye pengo ukingoni: upande huu mfalme mwenye ndevu, upande wa pili mpiga upinde ameketi kitini.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Daktari akaifumbata sarafu kwa nguvu. Mara akasikia kiti kikilia taratibu, kama mtu anayeinuka.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Niende wapi na giza hili? Nimeketi. Si wewe uliyesimama?"

"Nimeketi pia."

Nyayo zikapita katikati yao, polepole, zikielekea mlangoni.

Umeme uliporudi, daktari alifumbua kiganja akihofia kubadilishiwa. Sarafu ilikuwa ileile, na pengo lake. Mfalme alikuwepo. Akaigeuza. Kiti kilikuwepo pia, kitupu.