Sauti Mpya ya Mama Kulwa

Mhandisi Limi alipobonyeza swichi, kisanduku kilichofungwa shingoni mwa Nyamizi kilitoa mngurumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hiyo ilikuwa kazi ya kitetemeshi kilichokuwa ndani yake: kutoa wimbi moja la umeme lenye kingo kali, lililobeba sauti nyingi kwa pamoja, nene na nyembamba.

"Sasa tamka 'a', mama," Limi alisema. "Halafu 'u'."

Nyamizi alifungua mdomo, kisha akaukunja. Nyuzi laini chini ya kidevu zilisoma mwendo wa ulimi na midomo yake, zikaliendesha chujio la sauti ndani ya kisanduku. Lilipofunguka, sauti nyembamba zilipita na mngurumo ukawa "a". Lilipojibana, nyembamba zilizuiwa, ukabaki uzito mtupu: "u".

Nyamizi alipiga makofi kama mtoto.

Kwa miaka thelathini alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni za kasi, Tabora. Kisha uvimbe ukamfanya aondolewe zoloto, kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Hospitali ilimpa akili mnemba iliyojifunza sauti yake kutoka kwenye matangazo ya zamani. Ilikuwa safi ajabu. Tatizo ni kwamba akianza neno, yenyewe ilikisia na kumalizia sentensi.

Mumewe, Mzee Kasele, ambaye haoni, aliivumilia wiki tatu tu. "Izime," alisema. "Mimi nilioa mtu, sikuoa stesheni." Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, Nyamizi alimwandikia herufi kiganjani kwa kidole.

Ndipo Limi akaamua kurudi kwenye mitambo ya kale, isiyo na kumbukumbu wala uwezo wa kukisia. Umeme unapanda na kushuka, basi.

Mchana ule Kasele aliletwa maabara, akaketishwa mbele ya mkewe.

"Baba Kulwa," Nyamizi alisema. Sauti ilikwaruza.

Kasele aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Huyu simjui," alisema taratibu. "Nisamehe, mhandisi. Umejitahidi, lakini simjui."

Limi alihisi miezi minne ya kazi ikimponyoka. Nyamizi alimtazama mumewe kwa muda mrefu, macho yakimlenga kifuani.

"Hivi umetoka nyumbani na shati umeligeuza ndani nje?"

Neno la mwisho lilipanda juu, karibu kuwa mluzi. Limi aliruka kukifikia kirekebishi cha sauti kwenye kisanduku. Shingo ya Nyamizi ilikuwa imepata joto kwa hasira, na kitetemeshi hupandisha sauti kikipata joto. Ilikuwa kasoro asiyoweza kuiondoa.

"Usiguse!" Kasele alisema. Alikuwa amesimama. "Mama Kulwa?"

"Nani mwingine?"

"Mbona hukuniambia tangu asubuhi?"

"Nimeliona sasa hivi! Hata ningeliona, kiganjani ningeanzia wapi?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akamgeukia Limi. "Sauti yake ile ya zamani, haitarudi?"

"Haitarudi, mzee."

Kasele alianza kufungua vifungo. Alilivua shati, akaligeuza, akalivaa upya bila haraka.

"Na kola?" aliuliza.

"Iko sawa."

"Vifungo?"

"Viko sawa, Baba Kulwa."

"Una hakika? Hebu vitaje kimoja kimoja."

Nyamizi alisogeza kiti karibu, akaanza kutoka juu.